Kidani Kilicholala Hakina Shingo

Hotuba iliyotolewa Mtwara mjini mbele ya vikundi vya watengenezaji wa mapambo ya mikono waliokuwa wakijiandaa kwenda kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi.

Mgeni rasmi, viongozi wa vikundi, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa kiume ambao mmeanza kutunga shanga bila kuona haya, nawasalimu nyote. Najua wengine mmetoka Newala na Tandahimba tangu alfajiri na mngependa kuwahi gari la kurudi, kwa hiyo sitazunguka sana. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga mapambo yetu kwenye mabanda ya maonesho, na nitalizungumza jambo hilo peke yake. Mikopo, vitambulisho na mashine wapo wenzangu watakaoyasema vizuri kuliko mimi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipopeleka kazi zangu Ngongo nilibeba sanduku moja lenye vidani, hereni, bangili za mpingo na vikuku vya shanga, kazi ya miezi mitano. Nilipewa meza moja katika banda la pamoja. Nikatandika kanga yangu nzuri kuliko zote, nikamwaga sanduku zima juu yake, kisha nikayapanga mapambo kwa mafungu, hereni fungu lake, bangili fungu lake, kama vile mwanamke wa feri anavyopanga pweza na vibua. Watu walipita. Waliosimama walilichokora fungu kwa kidole kimoja wakauliza, "Fungu shilingi ngapi?", na nilipowajibu kwamba kidani kimoja ni shilingi 12,000 waliniangalia kana kwamba nimewatukania wazazi. Siku ya tatu mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya meza yangu, akachomoa kidani cha mbegu na mpingo kilichokuwa chini kabisa ya fungu, akakivaa bila kuniomba ruhusa, kisha akakutana na shoga yake hapo hapo na wakaanza kuzungumza habari za msiba wa kwao Masasi ambazo hazikunihusu hata kidogo. Alipokuwa bado anazungumza, wanawake watatu walikuja mmoja baada ya mwingine kuniuliza kama ninacho kidani kama kile alichovaa yule mama. Kilikuwa kidani kile kile kilichokaa mezani siku mbili bila kuulizwa na mtu. Sikukipaka rangi wala sikukipunguza bei. Kilikuwa kimepata shingo, basi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama mabanda ya wenzangu, hapa kwetu na Sabasaba kule Dar es Salaam, kwa swali moja tu: je, hili pambo limepewa mwili, au limelazwa? Pambo si kitu cha mezani. Kidani kimetungwa kwa ajili ya shingo, hereni kwa ajili ya sikio, kikuku kwa ajili ya mguu unaotembea, na mnunuzi anayekiona kimejikunja juu ya meza analazimika kufanya kazi ya kukikunjua kichwani mwake, kazi ambayo wengi hawana muda nayo kwa sababu nyuma yao kuna mtoto anayelilia aiskrimu na mume anayetaka kwenda kuona matrekta. Sisi ndio tunaopaswa kuwafanyia kazi hiyo kabla hawajafika.

Na hili la mafungu nawaomba mlitafakari kidogo, kwa kuwa wengi wetu tumekulia sokoni na mkono wetu unaelekea huko wenyewe. Fungu ni lugha. Nyanya zikipangwa kwa mafungu mnunuzi anaelewa mara moja kwamba zote ni sawa, kwamba bei ni moja, na kwamba ana haki ya kuomba nyongeza. Lugha hiyo ni nzuri kwa nyanya. Ukiisemea bangili iliyochukua siku mbili kuchongwa na kupigwa msasa, umemwambia mnunuzi kwamba hata wewe huoni tofauti kati ya hii na ile, na yeye atakuwa mjinga akiiona. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni kupunguza. Kama umekuja na vidani 60, weka mbele 12 au 15, vingine vikae kwenye boksi chini ya meza, na kila kinachouzwa nafasi yake ijazwe na kingine. Najua inauma. Mtu anaona kama anaficha mali yake. Lakini kati ya kidani na kidani panatakiwa upana wa kiganja, ili jicho lipumzike na kila kimoja kionekane ni kimoja.

Sasa tuingie kwenye mwili wenyewe, na tuanze na shingo, maana hapo ndipo penye mambo mengi.

Wenzetu wa madukani wana sanamu za shingo na mabega zilizofunikwa kitambaa cha mahameli, na zinauzwa Kariakoo. Sizikatazi, ila sisi tunatoka katika nchi ya wachongaji. Ni ajabu kwa mtu wa Mtwara kwenda kununua shingo ya plastiki wakati nyumba ya pili kuna Mmakonde mwenye shoka na tezo. Mwombe akuchongee mabega na shingo bila kichwa kutoka kwenye gogo la mwembe au mti wowote mwepesi, asikutilie nakshi yoyote, aupige msasa na kuuacha na rangi yake. Msitumie mpingo kwa kazi hii: ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, ni ghali, unachukua miaka mingi sana kukua, na weusi wake utazimeza shanga zenu. Shingo tatu za urefu tofauti zinatosha kwa meza moja. Ile ndefu iwekwe nyuma, na kidani chake kiwe usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, kwa sababu hapo ndipo mtu anapokiona kama anajiona kwenye kioo.

Asiye na uwezo wa kuchongewa atumie tawi. Nazungumzia tawi la mkorosho lililokauka, ambalo kila mmoja wenu analo nyuma ya nyumba baada ya kupogoa mikorosho, lenye matagaa mengi yaliyopinda kila upande kama vidole vya bibi. Limenye gamba, lisugue, lisimamishe ndani ya ndoo iliyojaa mchanga mzito, kisha ufunike mdomo wa ndoo kwa kipande cha mkeka. Vidani vinaning'inia kila kimoja kwenye kitagaa chake, vinacheza kidogo upepo ukipita, na mwendo ule mdogo unalivuta jicho la mtu aliye mbali kuliko bango lolote. Nimeona pia mtu aliyetumia mbuzi ya kukunia nazi, akaisimamisha wima na kutundika mikufu kwenye ule ulimi wa chuma. Watu wazima walicheka, na waliocheka walisimama, na baadhi ya waliosimama walinunua. Nawaonya tu kwamba ulimi wa mbuzi una meno na uzi wa shanga haupendi meno. Ufungeni kitambaa kwanza.

Kwa upande wa sikio, tatizo la hereni ni kwamba ni ndogo na ni mbili. Zikilazwa kwenye sahani, hii inaikimbia ile, na jioni utakuwa na hereni kumi zisizo na mwenzake. Wengi wetu tunazichomeka kwenye kadi ngumu, jambo ambalo ni zuri, lakini kadi ikilazwa chini nayo hereni haining'inii, na hereni isiyoning'inia haijulikani urefu wake. Tafuteni dema kuukuu. Wavuvi wa Mikindani na Msimbati hawakosi dema lililovunjika ambalo halishiki tena samaki. Kateni upande mmoja ulio mzima, ufungeni kwenye fremu ya mbao nyepesi, usimamisheni ukiwa umeegemea nyuma kidogo, na kila tundu la dema litakuwa kidirisha cha jozi moja. Wavu wa zamani uliovutwa vizuri kwenye fremu unafanya kazi hiyo hiyo, na faida yake ni kwamba unakunjika na kuingia mkobani. Panga hereni ndefu juu na vipini chini, usawa wa macho ukiwa takriban sentimita 150 kutoka ardhini. Na ndani ya dema au wavu wako weka hesabu ile ile kila asubuhi, kwa mfano tano kwa safu, ili jicho lako likipita lione mara moja tundu lililo tupu na ujue kama umeuza au umeibiwa. Mwizi wa maonesho hapendi meza iliyopangwa kwa hesabu, anapenda fungu.

Mikono na miguu nitaipita haraka. Bangili zivalishwe chupa iliyofungwa kitambaa, au kipande cha mwanzi kilicholazwa juu ya vigingi viwili kama mtambaa wa panya. Vikuku vinapendeza sana kwenye mguu wa kigoda cha kuchonga kilichopinduliwa, na mtu anaelewa bila kuambiwa kwamba hiki ni cha mguuni. Pete ziingizwe kwenye trei yenye mchele au choroko ili zisimame wima. Mmoja wenu ameniuliza pale nje kama mchele si kufuru. Mimi naona choroko, maana baadaye zinapikwa.

Kiuno ndicho kinachonipa mawazo zaidi, na naomba radhi kwa wazee na kwa vijana wa kiume, ingawa nadhani hapa hakuna mtoto. Shanga za kiunoni ni bidhaa inayonunuliwa sana na wanawake wa kwetu, na kila mmoja hapa aliyepitia unyago anajua alizipata wapi na nani alimwambia nini. Ni mali ya siri. Ukizitundika hadharani kama kamba za samaki wa kukaushwa, mwanamke wa kwetu atazipita huku ameangalia pembeni, hata kama ndizo alizozijia, kwa sababu hawezi kuzishika mbele ya shemeji yake. Mimi huziweka kwenye kikapu cha ukindu chenye kifuniko, upande wa ndani wa meza, na kwenye kifuniko nimefunga uzi mmoja tu wa shanga nyekundu na nyeupe. Mwenye kuelewa anaelewa, anakuja upande wangu, anainama kama anayeniuliza habari za nyumbani, na tunamaliza biashara kwa minong'ono. Watalii hawaelewi ishara hiyo, kwa hiyo kwa ajili yao hutundika nyuzi mbili kwenye ile shingo ya mti, chini, zikiwa zimezungushwa pale ambapo mabega yanaishia. Bidhaa ni ile ile na wanunuzi ni wa aina mbili, kwa hiyo na adabu ya kuipanga inakuwa mbili.

Niseme juu ya vitambaa, kwa kuwa hapa tunakosea sote na tunakosea kwa upendo. Kanga ni fahari yetu, lakini kanga ni kitambaa kinachosema. Kina pindo, kina mji, kina jina. Ukiweka vishanga vidogo juu ya kanga yenye maua na korosho, jicho la mnunuzi linasoma kanga. Kanga itundikwe mbele ya meza ili ifunike miguu ya meza na maboksi yaliyo chini, jina lake likiwa linasomeka na mpita njia. Mimi natumia ile inayosema "Mgeni njoo mwenyeji apone", na imenianzishia mazungumzo mengi. Juu ya meza tandikeni kitambaa cha rangi moja. Shanga nyeupe, za rangi ya samawati na shaba iliyong'arishwa hupendeza juu ya kaniki. Mpingo, mbegu nyeusi na vifuu vya nazi vinataka kitambaa cheupe kisichong'aa, kama marekani. Mkeka wa milala usiotiwa rangi unafaa karibu kila kitu, ila pete na vipini vinapenya katikati ya ukili na kupotea. Anayefanya kazi za aina mbili, yaani nyeusi na nyeupe, aigawe meza yake katika sehemu mbili, asitafute rangi ya katikati, maana rangi ya katikati haimfai yeyote.

Kuna jambo ambalo watu wa Arusha na Dodoma hawatalisema katika mafunzo yao kwa sababu haliwasumbui kama linavyotusumbua sisi. Nane Nane ni mwezi wa Agosti, na mwezi wa Agosti ni kusi. Upepo unaingia bandani unavyotaka, unabeba vumbi la viwanja, na kila kitu ulichokiinua, kama nilivyowaambia mkiinue, unakiangusha. Mwaka wangu wa pili niliinua kila kitu kwa hamasa na saa nane mchana fremu yangu ya hereni ililala kifudifudi katika chungu cha jirani aliyekuwa akiuza supu ya pweza. Alinilipisha supu. Tangu hapo kila kinachosimama kwangu kina uzito chini yake. Chupa ya maji ya lita 1.5 ikijazwa mchanga mkavu ina uzito wa zaidi ya kilo 2, haigharimu chochote, na mchanga unaupata huko huko unakokwenda, kwa hiyo safarini unabeba chupa tupu. Fungeni chupa mbili nyuma ya kila fremu. Kitambaa cha meza kibanwe kwa vibanio vya nguo kwenye kona zote. Kadi za bei zichomekwe au zifungwe kwa uzi, zisiachwe huru. Kabla ya kukubali nafasi ya banda, simama pale dakika kumi uangalie upepo unatoka wapi, na ukiweza, upe upepo mgongo: turubai liwe upande wa kusini-mashariki, wanunuzi waje kutoka upande wa pili.

Turubai lenyewe nalo lina mambo yake. Turubai la bluu ni rahisi kupatikana, lakini jua likipita ndani yake kila kilicho chini kinakuwa cha bluu, na ngozi ya mnunuzi anayejitazama kwenye kioo inaonekana kama ya mgonjwa. Hakuna anayenunua kidani huku anajiona mgonjwa. Kama hamkupata jeupe, basi meza isogezwe mbele hadi ukingo wa kivuli, ili mwanga wa kweli ufike kwenye mapambo bila jua kuwachoma wanunuzi. Shanga za plastiki na mbegu zilizotiwa rangi zisikae juani siku nzima, zitapauka. Kwa wale watakaobaki hadi jioni, taa ndogo za kuchaji kwa sola zinatosha, lakini ziwekwe pembeni na chini kidogo, zisiangaze kutoka juu kama taa ya ukumbini, kwa kuwa ni mwanga wa pembeni unaofanya kioo na shaba vimemete. Shaba na dhahabu ya bandia zinataka taa ya rangi ya manjano; fedha na shanga nyeupe zinataka taa nyeupe.

Na kioo. Naomba mtu yeyote atakayesahau yote niliyoyasema akumbuke kioo. Banda la mapambo lisilo na kioo ni kama duka la viatu lisilo na pa kukalia. Kisiwe kile cha mfukoni ambacho mtu anaona jicho moja na nusu ya pua. Kiwe cha kuonesha kuanzia kichwani hadi kifuani, na kifungwe usawa wa uso wa mwanamke wa kimo cha kawaida, kikiinama mbele kidogo. Mtu akishavaa, acha kumsemesha. Mwache na kioo chake. Sisi wauzaji tunapenda kusema "umependeza sana" kabla hata mtu hajafunga kishikizo, naye anajua kwamba tumewaambia hivyo hivyo wote waliomtangulia.

Yule mama wa siku ya tatu alinionesha kwamba mtu mmoja aliyevaa anauza kuliko meza nzima, kwa hiyo shingo ya kwanza ya kuonesha kazi yako ni yako mwenyewe. Vaa kidani kimoja, kile unachokiamini, na hereni zinazolingana nacho, usivae kila kitu kama mti wa Krismasi. Kisha fanya kazi mbele ya watu. Leta uzi wako, sindano yako na kibakuli cha shanga, ukae pembeni ya meza, si nyuma yake, ukiendelea kutunga. Watu wanaona aibu kumkaribia muuzaji aliyekaa akiwasubiri, lakini hawaoni aibu kumkaribia mtu anayefanya kazi. Watoto watafika kwanza, mama zao watawafuata kuwarudisha, na mama akishafika amefika.

Bei iandikwe. Najua wengi hatuipendi bei iliyoandikwa kwa sababu tunataka kumsoma mtu kwanza, tumpe yule wa viatu vizuri bei yake na jirani bei yake. Lakini katika maonesho watu wengi ni waoga wa kuuliza, na asiyeona bei anadhani ni kubwa kuliko ilivyo, anaondoka. Andika 8,000, andika 15,000, kwa kalamu nyeusi na mwandiko wa kusomeka, na namba ya kulipia kwa simu ibandikwe mahali ambapo mtu anaiona bila kukulazimu kuitaja mara kumi. Mwenye kutaka kupunguziwa ataomba tu. Kuandika bei hakujawahi kumzuia Mswahili kuomba kupunguziwa.

Karibu na bei wekeni maneno machache kuhusu kitu chenyewe. Pambo letu lina habari, tena habari ya kweli, na hatuhitaji kutunga. Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ilichimbwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960, na miongoni mwa vilivyopatikana ni shanga za kioo zilizoletwa na merikebu kutoka ng'ambo, pamoja na vigae vyenye mifereji ambavyo watu wa hapa hapa walivitumia kusagia shanga za makombe. Maana yake ni kwamba kutengeneza shanga katika mwambao huu si jambo tulilofundishwa na mradi mwaka juzi. Anayetumia makombe au vifuu aandike sentensi mbili za namna hiyo kwenye kadi ndogo, na anayetumia mpingo aandike kwamba ni mti ule ule unaotengenezewa filimbi za klarineti na obo huko Ulaya, na kwamba bangili yake imetoka kwenye vipande vilivyobaki kwa wachongaji. Kadi iwe fupi. Nimewahi kuona banda lenye maelezo marefu kama hati ya kiwanja, na watu walisoma, wakashukuru, wakaenda zao.

Hapo kwenye habari za kweli niongeze mambo mawili ambayo yananikera, na mniruhusu nikereke. La kwanza ni vijana wanaotundika hereni kwenye vinyago vya mapiko, zile sura za kuvaliwa katika ngoma za Kimakonde. Najua zinavutia, hasa zile sura za wanawake wenye ndonya mdomoni, na ndonya ni pambo kweli, pambo la bibi zetu. Lakini lipiko lina jando lake, lina ngoma yake na lina wenyewe, na mzee wa Kimakonde akipita akaiona sura ile imetobolewa masikio ili ining'inize hereni za shilingi 3,000, mtakuwa mmemuumiza bila sababu. Chongesheni kichwa kipya kisicho na jina, kiwe cha kazi hiyo tu. La pili ni magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini, na pembe za ndovu. Wapo bado wanaoleta bangili na vitana vya ng'amba wakidai ni vya urithi. Kasa wote wa baharini wamo katika kundi la kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku, na hapa jirani tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako kasa wanataga. Mtalii akinunua kwako atakamatwa uwanja wa ndege, na wewe utatafutwa. Hata ukipanga meza vizuri kiasi gani, kipande kimoja cha ng'amba kinaifunga meza yote.

La mwisho ni la safari, kwa sababu yote haya lazima yaingie kwenye basi. Kutoka hapa hadi Ngongo ni kilomita zisizopungua 90, na atakayefika Sabasaba Dar es Salaam anaongeza mamia, na kondakta hana huruma na fremu ya mita mbili. Kila unachokitengeneza kwa ajili ya banda kikunjike, kiingiliane au kitumike mara mbili: boksi la mbao linalobebea bidhaa likipinduliwa liwe ngazi ya pili ya meza, mkeka unaofungia shingo za mti uwe kitandiko, ndoo ya tawi ibebe vikapu njiani. Meza nyingi za kukodi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na mnunuzi anainama kupita kiasi. Hayo maboksi yakipandishwa juu yake yanakupa ngazi nyingine bila kununua kitu. Bidhaa zifungwe kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa idadi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo bahasha ya kaki iliyofungwa kwa ukindu ilikuwa nzuri zaidi. Mtu akiipeleka kama zawadi haoni haja ya kuifunga upya. Shaba ikipoteza rangi kwa chumvi ya hewa yetu, isuguliwe kwa limau na majivu usiku wa kuamkia maonesho, ila limau lisiguse uzi.

Nimekuja na tawi moja la mkorosho, ndoo, upande wa dema, chupa nne zilizojaa mchanga wa Shangani, kipande cha kaniki na kipande cha marekani, na kioo nilichokiazima kwa mdogo wangu ambacho lazima kirudi salama. Meza hiyo hapo mbele iko tupu. Naomba kikundi cha Nanyamba kilete sanduku lake la kwanza, tuyamwage yaliyomo hapo kwa mafungu kama ilivyozoeleka, mgeni rasmi apite ayatazame, kisha tuyainue kimoja kimoja na apite tena.